Mbwa wa Bibi, Kuku wa Bibi: Jinsi Damu Inavyoweza Kutuambia TB Imelala au Imeamka

Hii ni hotuba niliyoitoa Moshi mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanafunzi wa maabara na majirani waliokuja kusikiliza, katika wiki ya Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mvua iliwazuia wengi, hasa waliotoka juu mlimani, ndiyo maana naiweka hapa yote. Picha za ukutani nimeziacha.

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi wa maabara mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, hamjambo? Poleni. Nitajitahidi nisiwachoshe, ingawa mnajua mwalimu mstaafu akishapewa kipaza sauti.

Naanza na swali. Nani humu ndani ana TB?

Hakuna mkono. Haya, mimi naunyoosha wangu.

Msihame viti, jamani! Ngojeni niwaeleze. Nilipokuwa mwanafunzi wa maabara tulichomwa wote ile sindano ndogo ya chini ya ngozi, hapa ndani ya mkono, kisha tukarudi baada ya siku mbili kupimwa uvimbe. Wangu ulikuwa mkubwa, mgumu, mwekundu kama nyanya. Aliyenipima akasema kwa sauti, pale pale kwenye korido, mbele ya watu: "Wewe binti una TB." Basi. Sikupewa maelezo, wala kiti cha kukalia. Nikarudi nyumbani nikilia. Mama yangu, Mungu amrehemu, akanitengea sahani, kijiko na kikombe cha bati cha kijani. Miezi mingi nilinywea chai kikombe hicho, nimekaa peke yangu karibu na mlango. Nilipigwa picha ya kifua, ikatoka safi. Makohozi yakapimwa, safi. Leo nina wajukuu wanne na sijawahi kuumwa TB hata siku moja. Kikombe ninacho bado, nimeoteshea pilipili.

Je, yule bwana wa korido alidanganya? Hapana. Kipimo kilisema kweli. Vimelea vya TB viliwahi kuingia mwilini mwangu, na huenda hata sasa vimo, vimelala. Alichokosea ni neno. Kiswahili chetu kina maneno mawili, kuambukizwa na kuumwa, na yeye aliyachanganya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa TB. Humu ndani tuko kama mia moja na sitini. Robo yake ni arobaini, na ninyi mnaoshinda na wagonjwa kila siku mmezidi hapo. Katika kila watu 100 walioambukizwa, watano mpaka kumi ndio watakaokuja kuumwa katika maisha yao yote. Waliobaki watazikwa na TB yao imelala, wamekufa kwa uzee au kwa bodaboda.

Kwa hiyo mtu akiuliza "Nina TB?", anauliza maswali mawili kwa mpigo. Je, imeingia? Je, imeamka? Leo nataka tuzungumze hilo la pili, kwa sababu ndilo linalotusumbua maabara, na ndilo ambalo watu wenye akili nyingi wanajaribu kulijibu kwa tone la damu.

Mtaniuliza, kwani tofauti ni nini, si wote wapewe dawa tu? Ngoja. Aliyeamkiwa na TB anatumia dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Ambaye imelala, kama yuko hatarini, tunampa dawa kinga: isoniazidi ya kila siku kwa miezi sita, au dozi kumi na mbili za mara moja kwa wiki zikichanganywa na rifapentini. Sasa chukua mgonjwa ambaye TB yake imeamka, mpe isoniazidi peke yake ukidhani imelala. Mwilini mwake kuna vimelea mamilioni kwa mamilioni, na miongoni mwao wapo wachache ambao dawa hiyo haiwafanyi kitu. Wale wengine wanakufa, hao wachache wanabaki na uwanja mzima. Umemtengenezea TB sugu kwa mkono wako. Ninyi wa huku mnaijua Kibong'oto, pale Siha, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa kifua. Mwaka 2009 ndipo Tanzania ilipoanza kutibu TB sugu, na ilianzia hapo. Waulizeni waliopita pale wakati ule wa sindano za kila siku, jinsi masikio yalivyokuwa yakiziba. Sitaki mtu apelekwe huko kwa kosa la maabara.

"Lakini mwalimu, makohozi si yapo?" Yapo. Na nayaheshimu, yamenilisha miaka thelathini na zaidi. Kwa darubini unahitaji kama vimelea 10,000 katika kila mililita ya kohozi ndipo uvione. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kimelea na ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, inavinasa vikiwa vichache zaidi ya hapo kwa mbali sana. Lakini zote mbili zinataka kitu kimoja: mtu akohoe, atoe.

Kuna mama mmoja alitoka Boma Ng'ombe na mtoto wa miaka mitatu. Mtoto amekonda, homa za jioni, baba yake yuko kwenye dawa za TB. Kila dalili ilinyoosha kidole upande mmoja. Nikamwambia mama, tunahitaji makohozi. Akanitazama. Mtoto wa miaka mitatu anakohoa na kumeza, mnajua wenyewe. Tukapitisha mrija puani mpaka tumboni, alfajiri kabla hajala, asubuhi mbili mfululizo. Mtoto alipiga kelele mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakaja kuchungulia. Majibu hayakuonyesha kitu, na kwa watoto hilo ni jambo la kawaida, maana vimelea vyao huwa vichache. Yule mama akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwalimu, damu si mmeshachukua? Damu haisemi?"

Damu haisemi?

Niliona aibu. Nikamjibu majibu ya kitaalamu marefu, yale ambayo mtu hutoa akiwa hana jibu. Leo nataka kumjibu vizuri, japo hayupo humu. Daktari alimwanzishia mtoto dawa kwa kufuata dalili na historia ya baba, na mtoto alinenepa. Tulibahatisha vizuri. Lakini ni kubahatisha.

Damu inasema, ndugu zangu. Tatizo ni kujua inasema lini.

Hapa naomba mnisindikize kwa bibi yangu, Uru, enzi zile migomba ilikuwa inafika mpaka dirishani. Bibi alikuwa na mbwa anaitwa Simba. Kulikuwa na kijana mmoja aliwahi kuingia kihambani usiku akakata mkungu wa ndizi. Simba alimnusa. Tangu siku hiyo, kijana akipita barabarani mchana kweupe, Simba anabweka. Akienda kanisani, Simba anabweka. Mwisho kijana akatubu, akaja na wazee na mbege ya kuombea msamaha. Simba alibweka mpaka kibuyu kikaisha. Yule mbwa hakukosea mtu hata mara moja. Ila hakuweza kukuambia kama mwizi yuko ndani ya migomba sasa hivi au alipita miaka kumi iliyopita.

Ile sindano yangu ya mkononi ni Simba. Historia yake inaanzia kwa Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekipata kimelea cha TB, na ndiyo sababu wiki hii tunakutana. Mwaka 1890 akatangaza kwamba ana dawa, akaiita tuberkulini. Haikuponya, wengine iliwazidishia. Lakini watu walioambukizwa, ukiwachoma kidogo, mwili unachachamaa. Clemens von Pirquet wa Vienna akakitumia kichachamao hicho kama kipimo mwaka 1907, na Charles Mantoux wa Ufaransa mwaka uliofuata akakiboresha kwa kuchoma ndani ya ngozi. Zaidi ya karne moja sasa tunafuga mbwa yule yule. Na Simba huyu wa sindano ana tatizo jingine: anaweza kumbwekea hata aliyechanjwa BCG, ile chanjo ya TB, yaani karibu sisi sote wenye kovu begani.

Baadaye wakatengeneza Simba wa kisasa. Unachukua damu, unaiweka kwenye tyubu yenye protini za kimelea cha TB ambazo chanjo ya BCG haina, ESAT-6 na CFP-10. Unailaza usiku kucha kwenye joto la mwili. Seli zinazomkumbuka mwizi zikimnusa, zinatoa kemikali iitwayo intaferoni gama, na asubuhi unaipima. Kipimo kizuri, kimeachana na usumbufu wa BCG. Lakini ni mbwa. Anakumbuka. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliziambia nchi kama yetu zisikitumie kutambua aliyeamkiwa na TB. Nenda Mirerani kwa wachimba tanzanaiti, ambao vumbi la mawe limewafungulia TB milango ya mapafu, uone utakavyopata mbwa wanaobweka kila nyumba. Utamtibu nani? Na mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana, mbwa wake amezeeka. Mwizi yuko sebuleni na mbwa amelala.

Mwaka huo huo wa 2011 lilikuja onyo kali zaidi, nalo nawaomba mlibebe mpaka mitaani. Kuna vipimo vya damu vya haraka vilivyouzwa kwenye maabara za binafsi nchi nyingi, vinavyotafuta askari wa mwili dhidi ya TB. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi: visitumike. Majibu yake hayaaminiki, upande wa kusema ndiyo na upande wa kusema hapana. Jirani yangu alilipia kimoja, akaambiwa ana TB, akaanza kujipanga kuuza ng'ombe. Alikuwa na pumu. Kwa hiyo mtu akikuambia leo "kuna kipimo cha damu cha TB, dakika kumi, lete hela", muulize ni cha kukumbuka au cha kuona. Atashangaa.

Sasa kuku.

Kuku wa bibi walilala kwenye kibanda cha fito nyuma ya jiko. Usiku mwingine unasikia wamelipuka, mabawa yanapiga ukuta, kelele. Bibi anawasha koroboi, anatoka. Kuku hawakumbuki mwizi wa mwaka jana. Kuku hana kumbukumbu ya hivyo. Wakipiga kelele, kuna jambo sasa hivi. Jambo gani? Hilo hawasemi. Mara kicheche, mara nyoka, mara siafu. Usiku mmoja ilikuwa mbuzi amejikwamua kamba akaegemea kibanda.

Damu nayo ina kuku wake. Chembe nyeupe zikiwa katika vita, zinawasha vinasaba fulani na kuzima vingine, na unaweza kuisoma kelele hiyo. Mwaka 2010 timu iliyoongozwa na Anne O'Garra wa London ilionyesha kwamba wagonjwa wa TB, wa London na wa Afrika Kusini, walikuwa na mchoro mmoja wa vinasaba 393 katika damu, ambao wenye TB iliyolala wengi wao hawakuwa nao. Kelele nyingi ilitoka kwa nyutrofili, zile chembe za mstari wa mbele, zikiitikia intaferoni za aina ya kwanza. Na unapomtibu mgonjwa, kelele inashuka. Fikirieni hilo: Simba habadiliki hata ukishapona, lakini kuku wanatulia.

Vinasaba 393 huwezi kuvipeleka zahanati ya kijijini. Wakapunguza. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walibaki na vitatu tu: GBP5, DUSP3 na KLF2. Vitatu! Hivyo vikaingizwa kwenye katriji (kikasha cha kuwekea sampuli) ya majaribio ya ile ile mashine ya GeneXpert mnayoijua, kwa damu ya kidole, majibu ndani ya saa moja. Na ipo CRP, protini ya uvimbe ambayo maabara nyingi zinaipima tayari. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali itumike kuwachuja watu wanaoishi na VVU, kuanzia zaidi ya miligramu 5 kwa lita. Hiyo ni kuku wa bei nafuu kabisa.

Wanafunzi, toeni daftari. Kipimo cha kuchuja kinatakiwa kiwakamate angalau wagonjwa 90 katika kila 100, na kiwaachie angalau 70 katika kila 100 wasio wagonjwa. Tuseme wamekuja watu 1,000 wanaokohoa, na 50 kati yao wana TB kweli. Kipimo kinakamata 45. Kinapoteza watano. Na kati ya wale 950 wazima, kinawashtua 285 bure. Jumla unabaki na watu 330 wa kuwapima makohozi badala ya 1,000. Umeokoa katriji 670. Sasa niambieni: kati ya hao 330, wangapi uwaanzishie dawa kwa kipimo hicho pekee?

Safi. Hata mmoja. Huyo dada aliyejibu apewe soda.

Kwa sababu kuku wanapigia kelele kila kitu. Mafua makali yanawasha vinasaba hivyo hivyo. Korona iliviwasha. VVU isiyodhibitiwa inaviwasha.

Mbwa anamjua mwizi, hajui lini. Kuku wanajua lini, hawamjui mwizi. Bibi yangu, aliyeishia darasa la pili, alikuwa na jibu la tatu. Akisikia Simba anabweka, hakukimbilia panga. Alitoka kumtazama mgongo. Kama manyoya yamelala, alirudi kulala. Kama manyoya ya shingo yamesimama, mwizi yupo.

Na hapa nina furaha ya pekee, kwa sababu kipimo cha kutazama manyoya ya mbwa kilijaribiwa kwetu, Mbeya na Bagamoyo, kwa watoto wa Kitanzania, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wanachukua damu ya mtoto, wanazitafuta zile seli zinazoikumbuka TB, na hapo hawaishii kuuliza "mnaikumbuka?" Wanazitazama zimevaa nini. Seli inayokumbuka kwa utulivu ina kijiti kiitwacho CD27 juu ya ngozi yake. Ikiwa vitani na TB iliyoamka, inakipoteza. Seli ya TB isiyo na CD27 ni mbwa aliyesimamisha manyoya. Katika utafiti huo kiliwanasa zaidi ya wanane katika kila watoto kumi waliothibitishwa kuwa wagonjwa, na kiliwasingizia wachache sana wasio na TB. Watoto, ndugu zangu! Wale wale wanaomeza makohozi. Nilipousoma nilimkumbuka mama wa Boma Ng'ombe, nikafunga miwani nikakaa kimya.

Shida? Shida ni mashine. Inahesabu seli moja moja kwa mwanga wa leza, ni ndugu wa ile tuliyopimia CD4, yaani chembe za kinga za wenye VVU. Inataka damu mbichi, umeme usiokatika na fundi asiyehama. Mimi niliwahi kukaa na mashine ya namna hiyo miezi saba ikisubiri kipuri; tuliitandikia kitambaa tukawekea maua.

Bado kuna jambo moja ambalo linanisumbua mimi mwenyewe, na sitawaficha. Tumekuwa tukisema imelala, imeamka, kana kwamba ni swichi. Niambieni, usiku unakuwa mchana dakika gani? Kuna jogoo la kwanza, kuna jogoo la pili, kuna alfajiri, kunapambazuka, kisha macheo. Kila hatua ina jina lake. TB nayo iko hivyo. Tafiti za kupima watu nyumba kwa nyumba, katika nchi nyingi, zimeonyesha kwamba karibu nusu ya wanaokutwa na vimelea kwenye makohozi hawana dalili hata moja. Hawakohoi. Wanalima. Hao ni alfajiri.

Afrika Kusini walifuata vijana zaidi ya 6,000, wakahifadhi damu zao, wakasubiri nani ataumwa. Mwaka 2016 wakatangaza kwamba vinasaba 16 viliwatambua kama theluthi mbili ya watakaougua ndani ya mwaka mmoja, kabla hawajaugua. Jogoo la kwanza lilisikika! Tukashangilia. Kisha wakafanya jaribio lililo sawa na haki: wakachukua watu wazima ambao damu yao inapiga kelele, kwa vinasaba 11 safari hii, wakawapa theluthi moja yao zile dozi 12 za dawa kinga, wakawalinganisha na waliobaki. Matokeo ya 2021: dawa haikupunguza waliougua. Yaani tuliweza kusikia jogoo, lakini tulichofanya baada ya kumsikia hakikusaidia. Huenda wengi walikuwa wameshafika alfajiri, ambapo dawa kinga haitoshi. Matokeo ya namna hiyo nayapenda kuliko ya sherehe. Yanatufundisha pa kuchimba.

Naona mzee wangu wa Kibosho amenyoosha mkono tangu muda. Karibu, baba.

Ameuliza: "Hao mbwa na kuku wako, sisi kwenye zahanati yetu tutawaona lini?"

Mzee wangu, tarehe sina, na nikikupa nitakuwa nakudanganya. Leo ukishuka zahanati, kilichopo ni makohozi, picha ya kifua ukifika kituo kikubwa, na kipimo cha mkojo kwa wenye VVU waliozidiwa. Mtoto aliyekaa na mgonjwa wa TB apelekwe hata kama hakohoi. Na yeyote humu anayekohoa zaidi ya wiki mbili, vikopo viko pale mezani mlangoni, dada mwenye koti jeupe atawapa. Chukueni bila aibu, mimi nilinywea kikombe cha kijani na bado nipo. Nataka kohozi la asubuhi, kabla ya chai, litoke kifuani. Mate sitaki. Na jina liandikwe kwenye kikopo chenyewe, siyo kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana.